Naandika riwaya, lakini mashairi ya kale hayanigusi. Nifanye nini?

"Naandika hadithi fupi na riwaya, na huu ni mwaka wa 12. Nathari naipenda na naielewa, lakini ushairi wa kale wa Kiswahili umenishinda. Nikifungua utendi, lile shairi refu la kusimulia, napitisha macho beti kumi hivi, kisha najikuta nimeshapoteza uzi. Nusu ya maneno siyajui, na yale ninayoyajua yanaonekana kupindwa ili vina vitimie. Marudio yananichosha. Shuleni tulifundishwa kuhesabu mizani na kutaja bahari, yaani aina za mashairi, nami nilipata alama nzuri bila kuguswa na chochote. Mhariri wangu ananiambia kwamba nathari yangu ingenufaika kama ningewasoma washairi wa zamani. Je, mtu anaweza kujifunza kupenda ushairi ukubwani, au ni jambo la kuzaliwa nalo? Ni lazima nijue Kiarabu? Na je, kuna faida ya kweli kwa mwandishi wa nathari, au niendelee na kazi yangu bila kujilaumu?"

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kilichonigusa si orodha ya mambo yanayokushinda bali sentensi moja uliyoipitisha katikati kana kwamba haina uzito: kwamba shuleni ulipata alama nzuri bila kuguswa na chochote. Mtu anayefanya kazi ya lugha kila siku, anayejua kuchagua kitenzi na kuikata aya mahali pake, ana haki ya kusononeka anapokuta kwamba sehemu kongwe ya fasihi ya lugha yake imemfungia mlango. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nimefundisha ushairi kwa muda wa kutosha kujua kwamba wanaolalamika kama wewe mara nyingi ndio ambao baadaye hushindwa kuuacha.

Majibu mafupi kwanza. Kujifunza ukubwani kunawezekana kabisa, na Kiarabu si sharti. Faida kwa nathari yako ipo, ingawa huenda si ile anayoifikiria mhariri wako. Na kama baada ya juhudi ya kweli moyo wako hautaitika, hutakuwa umepungukiwa na chochote kama mwandishi. Hata hivyo sidhani kama utafika huko, kwa sababu maelezo yako hayanionyeshi mtu aliyeukataa ushairi wa kale. Yananionyesha mtu ambaye amekuwa akiupokea kwa kiungo kisicho chake.

Umeandika kwamba "unapitisha macho". Ndivyo tunavyosoma nathari: jicho linatangulia, linatafuta nani amefanya nini na kisha ikawaje, na likikuta mahali pazito linarudi ukurasa mmoja nyuma na kuokota lililoanguka. Utendi haukutungwa kwa jicho la namna hiyo. Ulitungwa ughaniwe, na wengi walioupokea hawakuwahi kuishika karatasi yake. Waliusikia ukighaniwa na mtu mmoja, wakaushika kwa kumbukumbu. Sikio haliwezi kurudi nyuma ukurasa mmoja. Likipitwa, limepitwa. Karibu kila kitu kinachokuchosha, yaani urari wa mizani, vina, marudio, na ile desturi ya kila ubeti kujitosheleza kimaana, kimewekwa kwa ajili ya msikilizaji ambaye hana nafasi ya pili. Ukiyaondoa masikio, vitu hivyo hubaki kama ngazi iliyosimamishwa pasipo na ghorofa, na ni kweli kwamba havina kazi.

Nikuonyeshe jambo hili likitenda kazi. Chukua sentensi ya nathari ambayo ungeweza kuiandika wewe mwenyewe: usiku ule mvua ilinyesha sana, na mama hakulala, bali aliwasha taa akakaa mlangoni, kwa sababu mwanawe alikuwa bado hajarudi kutoka pwani. Hiyo ni sentensi isiyo na dosari. Sasa niitie katika ubeti wa utendi, ambao una mishororo minne ya mizani nane nane, mishororo mitatu ya mwanzo ikiwa na kina kimoja na wa nne ukiwa na kina chake:

Mvua kubwa inanyesha
taa yake kaiwasha
mlangoni akakesha
mwana hajarudi pwani

Huu si ubeti wa kujivunia. Nimeutunga kwa ajili ya maelezo haya tu. Lakini tazama kilichotokea. Neno "mama" limetoweka, na bado unajua kwamba ni mama, kwa kuwa neno "mwana" linamleta. "Kwa sababu" nayo imetoweka, na hakuna aliyeikosa: sababu imesogezwa hadi mshororo wa mwisho, ikawekwa pale bila kuelezwa, na wewe msikilizaji ndiye uliyeiunganisha. Kisha sikiliza vina. Sikio limepewa "-sha" mara tatu, limeshazoea, linangojea ya nne, na mahali hapo hapo linapewa "-ni". Uzito wa ubeti umeangukia pale ambapo mazoea yamevunjwa, na ndipo habari yenye kuuma imewekwa. Endapo ningeendelea kutunga, mshororo wa nne wa kila ubeti ungerudi kwenye "-ni", hata kama beti zingefika mia, na masikio yako yangekuwa yakiingojea kila mara kama mtu anavyongojea hatua za anayemfahamu. Kina hicho cha mwisho, ambacho baadhi ya wataalamu hukiita kina cha bahari, ndicho kinachoushika utendi mzima usitawanyike.

Tuje kwenye jambo la maneno yaliyopindwa, kwa sababu hapa kuna kosa ambalo nadhani ulifundishwa, wala si lako. Ni kweli kwamba washairi wana ruhusa zao. Wanaweza kufupisha neno, nasi tunaita inkisari, kama nilivyoandika "kaiwasha" badala ya "akaiwasha". Wanaweza kulirefusha, na hiyo ni mazida. Wanaweza kubadili sauti moja bila kuathiri mizani, na hiyo ni tabdila. Wanaweza kupangua mpangilio wa kawaida wa sentensi. Mtunzi dhaifu huzitumia ruhusa hizo kama njia ya kutorokea, na una haki ya kukereka naye. Lakini sehemu kubwa ya yale ambayo wanafunzi hufundishwa kuyaita tabdila katika mashairi ya kale si tabdila hata kidogo. Ni lahaja ya mshairi. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kukisanifisha ikaundwa mwaka 1930. Mshairi wa Lamu aliyetunga miaka 70 kabla ya hapo hakuwa akipinda neno lolote. Alikuwa akisema kama watu wa kwao.

Mfano ulio bora ni wa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, miaka michache tu kabla ya kufariki. Karibu na mwanzo wa utendi huo kuna ubeti huu:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Msomaji wa leo akikutana na "ndoo" humjia akilini chombo cha kutekea maji, kisha "mbee" inamkwamisha, na kabla hajafika kwenye wino ameshakata tamaa. Lakini "ndoo" ni njoo, "mbee" ni mbele, na "ujilisi" ni uketi. Mama anamwambia binti yake: njoo karibu yangu uketi, uje na wino na karatasi, moyoni nina jambo ninalopenda kukuambia. Ubeti uliotangulia umeshatuambia kwamba mama huyu ameshikwa na maradhi, na kwamba yametimiza mwaka. Sasa wewe, mwandishi wa riwaya, niambie kama hiyo si tamthilia iliyokamilika: chumba, mgonjwa, msichana aliyeitwa aketi na karatasi, na sauti inayojua kwamba muda ni mfupi. Mishororo minne, hakuna kivumishi hata kimoja, na hakuna mahali tulipoambiwa kwamba mama ana huzuni. Utaona pia kwamba mshororo wa tatu unaishia kwa "-thi" ilhali miwili ya kwanza inaishia kwa "-si". Kwa jicho hiyo ni kasoro. Likighaniwa, sikio huzipokea sauti hizo kama majirani wa karibu na kuendelea na safari.

Lahaja hizo haziogofyi kama unavyodhani, kwa sababu tofauti zake nyingi zinafuata utaratibu. Penye "nj" katika Kiswahili sanifu utakuta "nd" katika Kiamu na Kimvita, lahaja za Lamu na Mombasa, hivyo njia ni ndia. Penye "ch" mara nyingi utakuta "t", hivyo macho ni mato, na chini ni tini. Katika Kiamu, "j" mara nyingi huwa "y" au hutoweka, ndiyo sababu juu ni yuu na mji ni mui. Kiambishi "vi" huwa "zi", vitu vikawa zitu. Kisha kuna umbo la kale la kitenzi kilichotimia, ambalo litakukwaza mwanzoni: "mbwene" ni nimeona au niliona, "simeme" ni amesimama. Mwanafunzi mwenye bidii huyazoea hayo kwa majuma mawili. Kuhusu Kiarabu, utakutana na maneno yenye asili hiyo mengi kuliko unavyoyakuta katika riwaya, hasa pale mshairi anapozungumzia dini, lakini matoleo mazuri yana sherehe za maneno, yaani maelezo ya maana zake, na kuisoma sherehe si aibu. Wahakiki waliobobea huisoma pia.

Kuna sababu nyingine ya ugumu ambayo ni vyema uijue ili usijilaumu kwa kosa lisilo lako. Tendi za zamani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo kwa desturi hazikutofautisha "e" na "i", wala "o" na "u", na mara nyingi "mb" iliandikwa kama "b" na "nd" kama "d". Kwa hiyo aliyeuhamishia utendi katika hati za Kilatini alilazimika kuamua asome nini. Unapokuta matoleo mawili ya ubeti mmoja yakitofautiana, usidhani moja ni la uongo. Wasomaji wawili wameamua tofauti, na nyakati nyingine mshororo unaokataa kabisa kukupa maana ni mshororo ambao mhariri wake naye alibahatisha.

Sasa marudio. Katika nathari, kurudia sentensi ile ile ni kosa isipokuwa uwe na sababu kubwa, na naelewa kwamba kidole chako kinaiwania kalamu ya kukatia. Katika shairi la mizani 16, ambalo kila mshororo wake umegawanyika vipande viwili vya mizani nane, ukwapi na utao, mshororo wa mwisho wa ubeti mara nyingi ni kibwagizo kinachorudi bila kubadilika. Nitunge kimoja kwa mfano: "Ajengaye ufukweni, asilaumu mawimbi." Sikiliza kwanza jinsi kituo cha katikati kinavyofanya kazi: ukwapi unaweka jambo, kimya kidogo kinapita, utao unalijibu. Kisha fikiria kwamba ubeti wa kwanza unamsema jirani aliyejenga kibanda mahali pabaya. Ubeti wa pili unamsema mtu aliyefuata urafiki wa wakubwa na kutupwa nje. Ubeti wa tatu msemaji anaanza kujisimulia mwenyewe na mapenzi aliyoyaingia huku akijua yatakavyokwisha, halafu kibwagizo kinakuja tena, neno kwa neno. Maneno hayajabadilika hata herufi moja, lakini katika ubeti wa kwanza yalikuwa lawama kwa mwingine na katika wa tatu ni ungamo. Hadithi imesogea huku mshororo umesimama. Nathari inaweza kupata athari hiyo, lakini kwa kazi kubwa zaidi na kwa kurasa nyingi zaidi. Nakushauri kwamba kila ukikutana na kibwagizo usikiruke, bali ujiulize kinamwangukia nani safari hii.

Walimu wako hawakukosea kukufundisha kuhesabu mizani. Walikosea, kama walikosea, kwa kuishia hapo. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliyaweka kwenye maandishi mambo ambayo washairi walikuwa wakiyafanya kwa sikio tangu zamani, na kitabu chake kimewasaidia watunzi wengi. Lakini sheria iliyoandikwa ina hatari ya kumfanya mwanafunzi aamini kwamba mizani ndiyo shairi. Mizani ni pumzi. Inampa mghani mahali pa kuvuta hewa na inampa msikilizaji uhakika wa pale neno litakapotua, na ukiipima kwa kalamu bila kuitia kinywani hutajua kama mshororo huo ni mwepesi au unaburura miguu, ingawa yote miwili ina mizani nane.

Uanzie wapi, basi? Kwa mwandishi wa hadithi napendekeza utendi kabla ya shairi, kwa sababu utendi husimulia na wewe tayari unajua kufuata msimulizi. Anza na huo wa Mwana Kupona, ambao una beti mia moja na kidogo tu na msemaji mmoja unayeweza kumwona usoni. Utakuta ndani yake nasaha juu ya ndoa ambazo huenda zikakukera. Wahakiki hawajakubaliana jinsi ya kuzisoma, na wapo wanaosikia ndani yake werevu wa mwanamke anayemfundisha mwanawe kuishi katika dunia asiyoiunda yeye. Usiharakishe kuamua. Tendi ndefu za vita na mashujaa, kama ule wa Tambuka ambao nakala yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayojulikana, ziweke kwa baadaye, kwani urefu wake unahitaji sikio lililokwisha kuzoea.

Halafu nenda kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Yeye alilichukua shairi la beti fupi akalifanya liseme mambo ya mjini: siasa, mapenzi, ugomvi, njaa, kejeli kwa maadui. Mengi ni mafumbo, na mengine ni majibu kwa mashairi ya watu wengine au kwa matukio ya mvutano kati ya Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, kwa hiyo hapa usijaribu kuwa shujaa: soma maelezo ya mhariri kwanza, shairi baadaye. Ningependa ujue pia jinsi mashairi hayo yalivyotufikia. Kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake, mengi yalikaa katika kumbukumbu za watu, na Mwalimu Sikujua, aliyekuwa ameyahifadhi, ndiye aliyemsaidia mmisionari William Taylor kuyaandika. Diwani ilichapwa mwaka 1940. Mtu hawezi kuibeba nathari kichwani kwa muda kama huo bila kuibadilisha. Vina na mizani ndivyo vilivyoyashika maneno yasianguke njiani.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ningeiweka ya tatu, kwa kuwa lugha yake ni nzito na mawazo yake yamebanwa. Lakini kwa mwandishi anayeishi kwa taswira, huenda ndiyo itakayokuteka. Mshairi anauonya moyo wake mwenyewe kwa kuutembeza katika majumba ya mji wa kale wa Pate yaliyokufa, na mahali pamoja anatuonyesha madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani, ambamo sasa wamelala makinda ya ndege. Hakuhitaji kusema kwamba matajiri wamekwisha. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na bado kila nikiifikia huwa nakisitisha kitabu kidogo.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko orodha ya vitabu. Chagua kipande kimoja, beti kumi zisizidi, ukae nacho mwezi mzima. Kabla ya kukielewa, kitafutie sauti: rekodi za tendi na mashairi yakighaniwa zinapatikana, na utashangaa jinsi mshororo uliokuwa mfu kwenye karatasi unavyosimama ukipewa mahadhi yake. Kisha soma mwenyewe kwa sauti, polepole, ukipumzika mwisho wa kila mshororo hata pale ambapo nathari ingekutaka uendelee. Baada ya siku chache, uandike ubeti mmoja kwa nathari yako safi, kwa uaminifu wote, usiache kitu. Linganisha. Utakachokuta kimepotea katika nathari yako, hicho ndicho ushairi wa ubeti ule. Wanafunzi wangu wengi wamevuka kizingiti katika zoezi hili moja, kwa sababu linawapa kazi wanayoiweza tayari na kuwaonyesha mpaka wake ulipo. Mwishowe, hifadhi beti nne moyoni na ujaribu kutunga ubeti wako mmoja kwa siku, bila nia ya kumwonyesha mtu. Utatunga vibaya mwanzoni. Lakini mtu aliyewahi kuhangaika nusu saa akitafuta neno la mizani mitatu linaloishia kwa "-ka" na lisiloharibu maana, hawezi tena kumsoma Mwana Kupona kwa jicho la haraka.

Kuhusu faida kwa nathari yako, nikupe picha kamili. Utakachopata kwa hakika ni mashaka juu ya viunganishi. Utaanza kuona mara ngapi unaandika "kwa sababu" na "hivyo basi" pale ambapo kuyaweka mambo mawili jirani kungetosha. Utaanza kusikia neno gani linatua mwisho wa sentensi. Utajifunza kuuamini uwezo wa kitenzi cha Kiswahili, ambacho peke yake kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa, na ambacho washairi walijua kukiachia kazi yote. Shaaban Robert, aliyeandika mashairi na nathari kwa mkono ule ule, ni shahidi wa hili: katika Kusadikika, ya mwaka 1951, utazikuta sentensi zenye pande mbili zinazopimana kama ukwapi na utao. Lakini ipo hasara pia, nami nimeiona. Wako waandishi wanaorudi kutoka kwa washairi wa kale wakiwa wamebeba maneno ya kale badala ya nidhamu yao, nathari yao ikajaa mapambo, na vina vikaanza kujitokeza katikati ya aya mahali ambapo havikualikwa. Ukijikuta unaandika "mato" katika riwaya ya mjini ya leo, usimame.

Iwapo ushairi wa kale utaendelea kukataa, upo mlango mwingine. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya kama wewe, alitoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 akiwa ameacha vina na mizani ya kimapokeo, na mabishano makali yakafuata kati ya waliouona huo kuwa ushairi na waliosema si ushairi. Huhitaji kujiunga na upande wowote. Nathari yako inakaribiana zaidi na mashairi huru, na kuna watu walioanzia huko wakarudi nyuma hadi kwa Muyaka. Naona tu kwamba njia hiyo ina upungufu kwako: itakuruhusu kuendelea kusoma kwa macho, na tatizo lako limekaa hapo hapo.

Yako mambo ambayo hayawezi kutatuliwa kwa maandishi, na hapo nakusihi umtafute mtu. Mahadhi ni la kwanza. Kila bahari ina namna zake za kughaniwa, na hakuna maelezo ya kitabuni yatakayokufundisha sauti. Saa moja na malenga au mzee anayejua kughani itakufaa kuliko miezi mitatu ya kusoma peke yako. Mtu wa pili wa kumtafuta ni mzungumzaji wa Kiamu au Kimvita aliyekulia ndani ya lahaja hiyo, hasa pale sherehe ya maneno inapokuacha njia panda, kwani atakuambia si maana tu bali kama neno hilo ni la heshima, la mzaha au la uchungu, jambo ambalo kamusi nyingi hazisemi. Kama unakusudia kunukuu au kusimulia upya utendi wa kale ndani ya riwaya yako, usitegemee toleo moja. Mwone mwalimu wa fasihi katika idara ya Kiswahili ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, umwonyeshe beti unazozitaka, na umwulize nakala nyingine zinasomaje. Na unapokwenda kwa mzee yeyote, usiende na orodha ya maswali ya mizani na vina. Nenda na ubeti mmoja uliouhifadhi, umghanie kadiri unavyoweza, kisha umwombe akusahihishe.